Bosi Akinunua Hisa Zilizoporomoka, Soma Fomu Kwanza

Bei ya hisa ikishaporomoka kwa nusu, habari inayowarudisha watu sokoni haraka ni hii: mtendaji mkuu kanunua kwa fedha zake. Siri ya mtungi muulize kata, na kata ndiyo hiyo imenunua; wewe unangoja nini? Tunaulizwa hivyo mara nyingi, hasa na vijana wanaonunua hisa za Marekani kwa programu za simu. Habari hiyo ina uzito, ila uzito wenyewe unategemea ununuzi ulifanyikaje. Cheo cha mnunuzi peke yake hakitoshi.

Marekani inarahisisha kazi hii. Mkurugenzi, ofisa mwandamizi au mwenye zaidi ya asilimia 10 ya hisa akinunua au kuuza, anatakiwa kujaza Fomu 4 na kuiwasilisha kwa Tume ya Dhamana na Masoko (SEC), msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani, ndani ya siku mbili za kazi. Inasomwa bure kwenye tovuti ya Tume. Tafuta safu ya herufi za muamala. P ni ununuzi wa kawaida kwa fedha taslimu, na hiyo ndiyo tunayoitaka. A ni hisa alizopewa na kampuni, sehemu ya malipo yake. M ni kutumia haki ya kununua aliyokwisha kupewa zamani. Vichwa vingi vya habari vya “bosi aongeza hisa” ukivifuatilia unakuta A au M, yaani hajanunua sokoni kwa bei ya siku hiyo.

Ukishaipata P, pima kiasi dhidi ya kipato chake. Tarehe 11 Februari 2016, hisa za benki zikiwa zimeshuka vibaya, Jamie Dimon, mtendaji mkuu wa benki ya JPMorgan Chase, alinunua hisa 500,000 kwa takriban dola milioni 26. Malipo yake ya mwaka uliotangulia yalikuwa dola milioni 27, kwa hiyo aliweka mezani karibu mwaka mzima wa jasho lake. Alinunua kwa dola 53 hivi. Mwaka ulipoisha hisa ilikuwa imepita dola 85. Sasa linganisha na Intel, watengenezaji wa chipu za kompyuta. Agosti 2024 kampuni ilitangaza kusimamisha gawio na kupunguza wafanyakazi, na kesho yake hisa ikaanguka kwa zaidi ya robo. Siku chache baadaye Pat Gelsinger, mtendaji mkuu, alinunua hisa 12,500, kama dola 250,000. Kwako na kwangu hizo ni fedha nyingi. Kwa mtu anayelipwa mamilioni kwa mwaka ni salamu tu kwa wawekezaji. Ilipofika Desemba hakuwa tena kwenye kiti hicho, na bei ilikuwa ingali pale pale karibu na dola 20.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, inastahili kuangaliwa kwa utulivu zaidi. Septemba 2001 hisa yake ilikuwa imeshuka kutoka dola 90 za mwaka mmoja nyuma hadi chini ya 30. Kenneth Lay, mwenyekiti na mtendaji mkuu, aliwaambia wafanyakazi wake mtandaoni kwamba bei hiyo ni ya kutupa na kwamba yeye mwenyewe amekuwa akinunua. Kununua, alinunua kweli. Kwa mujibu wa mashtaka ya Tume, katika miezi miwili iliyotangulia alinunua hisa za takriban dola milioni 4, na papo hapo akairudishia Enron hisa za dola milioni 24 kulipia mkopo aliouchukua kwenye kampuni hiyo hiyo. Wafanyakazi wangeyajuaje hayo? Sheria za wakati ule ziliruhusu mauzo kwa kampuni yenyewe yaripotiwe baada ya mwaka kwisha. Enron iliomba ulinzi wa mufilisi tarehe 2 Desemba 2001. Sharti la siku mbili lilizaliwa mwaka uliofuata, katika sheria iliyotungwa baada ya kashfa za aina hiyo. Kwa hiyo usisome fomu moja. Soma za miezi 12, na utoe mauzo kwenye manunuzi.

Fedha za mkopo nazo hupotosha. Aubrey McClendon, bosi wa kampuni ya gesi ya Chesapeake Energy, alisifiwa kwa kununua hisa za kampuni yake bila kuchoka, nyingi kwa kukopa. Bei ilipoanguka Oktoba 2008 wakopeshaji walimlazimisha kuuza zaidi ya asilimia 90 ya hisa zake ndani ya siku chache.

Na kuna jambo husahaulika: kununua kwa kutumia taarifa ya siri ni kosa la jinai. Bosi anayefuata sheria hununua baada ya hesabu kutangazwa, akiwa na takwimu zile zile ulizo nazo wewe. Anachokuzidi ni kuielewa biashara, na hata hapo upendo wa kazi humpofusha mtu. Binafsi naupa uzito zaidi ununuzi wa mkurugenzi wa fedha, maana ndiye anayejua mikopo inaiva lini. Hilo nawe unaweza kulitafuta kwenye maelezo ya hesabu: deni gani linaiva ndani ya miezi 24, na je, fedha zinazotokana na biashara yenyewe zinalitosha? Kampuni ikifilisika, mwenye hisa hulipwa wa mwisho, awe bosi au mlalahoi.

Kwa hisa za Dar es Salaam na Nairobi, anzia kwenye ripoti ya mwaka, sehemu inayoonyesha hisa wanazomiliki wakurugenzi. Weka ripoti mbili za miaka inayofuatana, moja ubavuni mwa nyingine, uone nani kaongeza na nani kapunguza. Kaunta kadhaa za Dar es Salaam, yaani hisa za kampuni zilizoorodheshwa huko, husinzia siku nzima bila muamala wa maana, hivyo oda moja kubwa, ya bosi au ya yeyote, yaweza kusogeza bei wakati biashara ya kampuni haijabadilika hata kidogo. Muulize dalali wako ni hisa ngapi zimeuzwa wiki hiyo, kisha umpe oda yenye kikomo cha bei.