CFIT: helikopta nzima kugonga mlima

Ikitangazwa ajali ya helikopta, swali la haraka huwa: injini ilizima? Kwa helikopta za kubeba wagonjwa, mara nyingi haikuzima. Chombo ni kizima, rubani ana akili zake na usukani unamtii, ila kinagonga mlima, maji au nguzo ambayo hakuiona, au aliiona amechelewa. Wataalamu wa usalama wa anga huiita ajali hiyo CFIT, kifupi cha Kiingereza cha "controlled flight into terrain", yaani chombo kinachoongozwa vizuri kugonga ardhi.

Tarehe 24 Januari 2017, huko Campo Felice katika milima ya Abruzzo, Italia, helikopta aina ya AW139 ilimchukua mtu aliyevunjika mguu akiteleza kwenye theluji. Hospitali ya L'Aquila haikuwa mbali kwa njia ya anga, lakini ukungu ulikuwa umetanda. Muda mfupi baada ya kuruka ikagonga ubavu wa mlima, wakafa wote sita: rubani, fundi, daktari, muuguzi, mwokoaji wa milimani na majeruhi mwenyewe. Majeruhi wa mguu, jamani.

Theluji ikiwa chini na ukungu juu, kila upande ni weupe mtupu. Huoni ardhi inaanzia wapi. Sikio la ndani nalo hudanganya: mtu huhisi amenyooka kumbe chombo kimelala upande. Kuna kipimo cha kimo kinachotumia mawimbi ya redio, lakini hicho hutazama chini tu. Kikisoma mita 100 juu ya bonde, hakikuambii kwamba mbele yako kuna ukuta wa mwamba.

Ndiyo maana ukatengenezwa mtambo wa tahadhari unaolinganisha mahali chombo kilipo na ramani ya milima iliyohifadhiwa ndani yake. Marekani iliamua mwaka 2014 kwamba helikopta za wagonjwa lazima ziwe nao. Nao una kasoro yake: unajua kile tu kilichomo kwenye ramani. Usiku wa tarehe 14 Machi 2017, helikopta ya uokoaji ya Ireland, iliyotumwa kusaidia safari ya kumchukua mvuvi aliyejeruhiwa baharini, iligonga kisiwa cha mwamba kiitwacho Blackrock. Kisiwa hicho hakikuwamo kwenye ramani ya mtambo. Wakafa wanne.

Kwangu mimi, hatari kubwa zaidi huanza kabla panga halijazunguka, simu ya dharura inapoingia. Rubani akiambiwa ni mtoto anayevuja damu, atayaona mawingu kuwa mepesi kuliko yalivyo. Kwa hiyo baadhi ya huduma za Marekani humficha rubani hali ya mgonjwa. Anaulizwa swali moja: kutoka hapa mpaka pale, hali ya hewa inapitika? Na si yeye peke yake mwenye kauli. Muuguzi akisema hapana, hata kama rubani na mhudumu mwingine wamekubali, helikopta hairuki, na mgonjwa anatafutiwa gari.