Bambo la Mnunuzi wa Mchele: Yanayokosewa Kuhusu Sampuli katika Takwimu za Biashara

Mnunuzi wa mchele anayeijua kazi yake haamini kinachoonekana mdomoni mwa gunia. Huchukua bambo, akachoma juu, kati na chini, akamimina punje kiganjani, ndipo akataja bei. Anajua kuwa mchele mzuri unaweza kutandazwa juu na chenga zikajaa chini. Kwa miaka niliyofundisha takwimu za biashara nimeona kwamba mtu huyu, ambaye huenda hajawahi kulisoma somo hili, anaielewa sampuli kuliko wanafunzi wengi waliokariri kanuni zake zote. Dhana potofu ninazozitaja hapa, zile zilizo kwenye alama za kunukuu, hukutana nazo kila mwaka, na zinaniuma kwa sababu huharibu tafiti ambazo watu wamezitolea jasho.

"Sampuli nasibu ni yeyote utakayemkuta"

Hii imeota mizizi kuliko zote. Mwanafunzi anasimama Kariakoo saa nne asubuhi na madodoso mia moja, anawapa wanaokubali kusimama, kisha anaandika kwenye ripoti kuwa alitumia sampuli nasibu. Alichotumia ni sampuli ya urahisi. Wenye haraka hawamo. Wanaonunua jioni hawamo. Wanaoagiza mzigo kwa simu hawamo kabisa, na huenda hao ndio wenye manunuzi makubwa.

Neno lenyewe linatufundisha tukilisikiliza. Katika bahati nasibu ya haki, kila tiketi iliyouzwa imo ndani ya pipa, na nafasi yake ya kutoka inajulikana. Hakuna tiketi inayoshinda kwa kuwa ilikuwa karibu na mlango. Ndivyo ilivyo kwa sampuli: unaanza na orodha ya kundi zima, kila mmoja anapewa namba, kisha kura au kompyuta inachagua. Aliyechaguliwa ndiye unayemtafuta, hata kama ni mgumu kupatikana, hata kama jirani yake ni mcheshi na yuko tayari kujibu. Unasibu unataka mpango mkali kuliko njia nyingine zote.

Njia ya kuruka kwa hatua sawa, yaani kuchukua wa kumi, wa ishirini, wa thelathini, nayo ni halali ukianzia mahali palipochaguliwa kwa kura. Ila itazame orodha kwanza. Ukipitia daftari la mauzo la duka linalofunguliwa kila siku na ukachukua kila siku ya saba, utapata Ijumaa tupu, au Jumatatu tupu, na wastani wako utakuwa wa siku hiyo moja.

"Sampuli ikiwa kubwa sana, makosa hujifuta yenyewe"

Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni zipatazo milioni 10 kuuliza nani atashinda urais. Zilirudi zaidi ya milioni 2. Jarida likatangaza kuwa Alf Landon angepata asilimia 57 hivi dhidi ya Franklin Roosevelt. Kura zilipohesabiwa, Roosevelt alikuwa amepata karibu asilimia 61 na kushinda majimbo 46 kati ya 48. George Gallup, mpima maoni ya watu aliyetumia sampuli ndogo sana kulinganisha na hiyo, alikuwa amemtaja mshindi sawasawa.

Majina mengi ya jarida yalitoka kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi ambapo maskini hakuwa na simu wala gari. Tena, kati ya waliopelekewa, walio wengi hawakujibu, na waliojibu hawakuwa na mawazo sawa na walionyamaza. Ukubwa wa sampuli hupunguza kuyumba kunakotokana na bahati. Upendeleo wa orodha, au wa nani kajibu na nani kanyamaza, haupungui hata kidogo. Unarudiwa tu mara milioni 2. Ni sawa na kuchoma bambo mara elfu palepale juu ya gunia.

"Lazima uchukue asilimia 10 ya watu wote"

Kwa kanuni hiyo, sensa ya 2022 ikiwa ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania nzima na 1,889,773 Zanzibar, ungehitaji watu zaidi ya milioni 6 kwa nchi nzima, na karibu 189,000 kwa Zanzibar peke yake. Hakuna anayefanya hivyo, wala hakuna haja. Sampuli nasibu sahili ya watu 1,000 ina ukingo wa makosa, yaani umbali ambao jibu linaweza kupishana na ukweli, wa asilimia 3 hivi, juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, iwe imetoka Zanzibar au nchi nzima.

Wanaotumia fomula ya Yamane, ile ya kukokotoa ukubwa wa sampuli, wameliona hili bila kulitambua. Chukua kosa la asilimia 5. Kundi la watu 2,000 linatoa sampuli ya 333. La 20,000 linatoa 392. La 2,000,000 linatoa 400. Kundi limekua mara elfu, sampuli imeongezeka watu 67. Kinachohesabika zaidi ni idadi ya uliowachukua, siyo sehemu yao ndani ya kundi, isipokuwa kundi lenyewe likiwa dogo.

Nikiwa hapa, nisisitize jambo ambalo linanisumbua kuliko fomula yoyote. Yamane amedhani kuwa utachagua kwa unasibu. Mtu anapopiga hesabu hadi akapata 333, kisha akawagawia madodoso marafiki zake 333, ile namba haina maana tena.

Jambo jingine la haraka: ukitaka kupunguza kosa liwe nusu, kuongeza sampuli mara mbili hakutoshi. Inabidi mara nne, kwa sababu kosa hugawanywa kwa kipeuo cha pili cha idadi. Ndiyo maana watu 4,000 wanakushusha kutoka asilimia 3.1 hadi 1.55 tu, na bajeti ya utafiti inakwisha kabla ya hamu yako.

"Ukifika 30, data inakuwa ya kawaida, yenye umbo la kengele"

Hapa ndipo darasa linapotea, maana mgawanyo wa sampuli ni kitu ambacho huwezi kukishika mkononi. Tukitengeneze kidogo.

Chukua vibanda vitano vya chakula. Kwa siku vinapata wateja 10, 20, 30, 40 na 100. Wastani wa kweli ni 40. Sasa chagua vibanda viwili kwa kura. Kuna jozi kumi zinazowezekana, na wastani zake ni 15, 20, 25, 55, 25, 30, 60, 35, 65 na 70. Orodha hiyo ya wastani zote ambazo zingeweza kutokea ndiyo mgawanyo wa sampuli. Wewe utakutana na moja tu kati yake.

Zitazame vizuri. Hakuna jozi hata moja iliyotoa 40. Kila mtafiti angekosea, na wala si kwa uzembe. Lakini jumlisha zote kumi, ugawe kwa kumi: unapata 40 kamili. Halafu ona zilivyokaribiana. Vibanda vyenyewe vinaanzia 10 hadi 100. Wastani za jozi zinaanzia 15 hadi 70. Mchepuko sanifu, yaani kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, wa vibanda ni karibu 31.6, wa wastani za jozi ni karibu 19.4. Huo wa pili ndio tunaouita kosa sanifu.

Nadharia ya kikomo cha kati inazungumzia orodha hii ya pili, ya wastani. Sampuli ikikua, wastani zinazowezekana hujipanga katika umbo la kengele. Vibanda havibadiliki. Kile cha wateja 100 kitabaki kimejitenga hata ukipima vibanda 3,000, na grafu ya data yako itaendelea kuvuta mkia kulia.

Na 30 ni desturi ya vitabu tu. Data ikiwa tayari ina umbo la kengele, wastani za sampuli ndogo nazo zinakuwa nalo. Mkia ukiwa mrefu, kama mapato ya wafanyabiashara yalivyo mara nyingi, 30 inaweza isitoshe. William Sealy Gosset, mfanyakazi wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, alikuwa na vipimo vichache tu vya kufanyia kazi, na mwaka 1908, kwa jina la kalamu la Student, akachapisha njia ya kushughulikia sampuli ndogo. Ndiyo asili ya jaribio la t, linalotumika kupima wastani za sampuli ndogo.

Matabaka na vishada

Hizi ni njia mbili za kuchukua sampuli, na zote hutumia makundi, ndiyo maana huchanganywa. Kwenye matabaka unachukua watu kutoka kila kundi, mfano wafanyabiashara wadogo, wa kati na wakubwa, ili asiachwe yeyote. Kwenye vishada unapiga kura ya makundi, mfano mitaa, na unaingia kwenye yale tu yaliyotoka. La kwanza huongeza usahihi, la pili huokoa nauli.

"Mchepuko sanifu na kosa sanifu ni kilekile"

Mama ntilie ameandika hesabu za siku 64. Wastani ni sahani 80, mchepuko sanifu 24. Kosa sanifu ni 24 kugawanya kwa 8, yaani 3. Mwanafunzi anaondoa na kuongeza mara mbili ya hiyo 3 kwenye 80, anamwambia kwa furaha kuwa atauza kati ya sahani 74 na 86. Hilo ni kweli kwa wastani wake wa muda mrefu, jambo linalomfaa akienda kuomba mkopo. Kesho ni siku moja, na siku moja inayumba kwa 24. Anaweza kuuza 56, anaweza kuuza 104. Akipima mchele wa kesho kwa ile 3, siku nyingi wateja watamkuta na sufuria tupu, na siku nyingine nyingi atamwaga.