Chuma kisikudanganye: dhana potofu kuhusu katana ya bei nafuu

Mtu akishamaliza mwaka au miwili akizungusha upanga wa mti, hamu humpanda: sasa nataka katana, upanga wa Kijapani, ya chuma. Anaingia mtandaoni, na huko kila muuzaji ana hadithi yake. Huyu chuma chake kimekunjwa mara elfu, yule wake unakata bomba. Picha zinafanana, bei zimeachana kama mbingu na ardhi. Nimewaona wenzangu wakinunua kwa macho, kisha wakanunua tena. Haya ndiyo ninayoyasikia kila mara, na ninavyoyajibu.

"Chukua stenlesi, haishiki kutu."

Haishiki kutu kwa urahisi, na ndiyo maana tunaipenda jikoni. Lakini kisu cha jikoni ni kifupi na kinakwenda polepole. Katana ina bapa la sentimita 70 hivi, linalopita kwa kasi na kusimamishwa ghafla. Stenlesi za bei ya chini, kama aina zenye namba 420 na 440, zikiwa ndefu kiasi hicho hazistahimili mshtuko. Zinaweza kukatika ghafla bila kupinda kwanza. Tena nyingi za panga hizo zimetengenezwa za kutundika ukutani. Ndani ya mpini hakuna chuma cha maana, ila kijiti chembamba kilichochomelewa kwenye bapa na kukazwa nati mwishoni. Kiungo kile kikiachia, bapa linaruka kuelekea kwa aliye mbele yako. Upanga wa namna hiyo usiuzungushe hata hewani.

"Namba kubwa ndiyo chuma bora."

Wauzaji huandika namba ya aina ya chuma, na namba hizi zina maana nyepesi kuliko wanavyozipamba. Katika 1045, 1060 na 1095, tarakimu mbili za mwanzo zinasema hiki ni chuma cha kaboni cha kawaida; mbili za mwisho zinasema kaboni ni kiasi gani: karibu asilimia 0.45, 0.60 na 0.95. Kaboni ikizidi, chuma kinaweza kufanywa kigumu zaidi na makali yakadumu, lakini kinapungua uvumilivu. Anayeanza kukata hukosea pembe: upanga unaingia umeinama, unapindika, unagonga kigingi cha kusimamishia mkeka unaokatwa mazoezini. Kwa mtu huyo 1060 inasamehe makosa ambayo 1095 haiyasamehi.

Kuna pia 5160 na 9260, vyuma vya springi. Fundi wa jua kali anayefua kisu kwa springi kuukuu ya lori anajua kwa nini: kinapinda, kinarudi.

Hata hivyo namba ni unga tu, mkate uko kwenye tanuri. Chuma kilekile kikipashwa moto vizuri, kikatumbukizwa majini au katika mafuta, kisha kikapashwa tena kwa kiasi ili kisiwe chepesi kuvunjika, kitakuwa upanga. Kikiharakishwa kitakuwa kioo, au kitapinda kama bati. Mimi ningechukua 1045 ya karakana inayosifiwa na watu wanaokata kweli, nikaiacha 1095 ya muuzaji asiyejulikana.

"Katana halisi imekunjwa mara elfu."

Hesabu kwanza. Kila mkunjo unazidisha tabaka mara mbili. Mikunjo 10 inatoa tabaka 1,024. Mikunjo 15 inatoa 32,768. Mikunjo elfu ingetoa tabaka nyingi kuliko atomu za ulimwengu mzima.

Wahunzi wa Japani walikunja, na bado wanakunja, mara kumi hadi kumi na tano hivi, kwa sababu inayoeleweka. Chuma chao, tamahagane, hutoka kwenye mchanga wenye chuma unaoyeyushwa kwa makaa katika tanuri la udongo liitwalo tatara. Huko Shimane tatara moja ilifufuliwa mwaka 1977 na inaendelea kuwalisha wahunzi. Chuma hicho hutoka kikiwa na taka, na kaboni yake haikuenea sawa: mahali pamoja ni nyingi, pengine ni kidogo. Kukunja ndiko kunakoisawazisha. Chuma cha kiwandani cha leo kimeshasawazishwa, kwa hiyo kukikunja kunakupa michoro ya mawimbi juu ya bapa na, fundi akiwa mzembe, nyufa zilizojificha ndani. Ukiwa na fedha ya ziada, usiipeleke huko.

"Bila chuma kufika mwisho wa mpini, ni feki."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo panapoumiza watu.

Sehemu ya bapa inayoingia mpinini huitwa nakago. Katika katana ya jadi haifiki mwisho. Hufika theluthi mbili ya mpini au zaidi kidogo, na haikazwi kwa nati wala gundi. Inashikwa na tundu la mbao lililochongwa kuibana, na kigingi cha mwanzi kiitwacho mekugi kinachopita katikati. Mwanzi, kwa sababu nyuzi zake huchanika polepole na kukupa onyo, hazikatiki mara moja. Juu ya mbao kuna ngozi ya samaki taa, na juu yake utepe uliosukwa kwa kubana.

Kwa hiyo usiulize tu nakago ni ndefu kiasi gani. Uliza ni pana na nene kama bapa lenyewe, na mbao zimeikumbatia? Mwenzangu mmoja aliletewa upanga wa 1095, bei yake si ya mchezo. Tulipotoa vigingi tukakuta tundu ni pana kuliko nakago, na pengo limejazwa vipande vya karatasi. Chuma chake kilikuwa kizuri tu. Mpini ungemfungukia siku yoyote.

Kabla ya kulipa, omba picha ya nakago ikiwa nje ya mpini. Muuzaji asiyetaka kuitoa amekwisha kukujibu. Ukiupokea, utikise karibu na sikio: ukisikia mlio wa kugongana, mrudishie. Na kigingi kikaguliwe kila siku ya mazoezi, kabla ya salamu.

"Iliyotengenezwa China ni takataka."

Panga nyingi za bei nafuu hutoka Longquan, mkoa wa Zhejiang, mji wenye sifa ya kufua panga tangu kale. Humo mna karakana za sifa na mna za aibu. Lakini anayekuuzia "katana mpya ya chuma kutoka Japani" kwa dola 200 anakudanganya. Huko mhunzi mwenye leseni haruhusiwi kutengeneza zaidi ya panga ndefu mbili kwa mwezi, na kazi yake huuzwa kwa maelfu ya dola.

"Upanga usio na makali si wa mazoezi."

Wajapani wenyewe wengi hufanya iaido, sanaa ya kuchomoa upanga, kwa iaito, upanga wa aloi ya zinki na aluminiamu usionoleka. Sababu mojawapo ni sheria yao inayobana umiliki wa panga za chuma. Iaito inafaa kuchomoa, kukata hewa na kurudisha alani. Usiigonganishe na kitu chochote. Ukitaka uzito wa chuma bila hatari, zipo katana za kaboni zisizonolewa. Yenye makali ingoje hadi sensei, yaani mwalimu wako, akuruhusu kukata mikeka iliyoloweshwa.

Urefu nao si ushujaa. Bapa hupimwa kwa shaku, sawa na sentimita 30.3, mtu wa sentimita 170 huanza karibu na shaku 2.4. Ukizidisha, utajikata kidole gumba wakati wa kurudisha alani. Na kabla ya kuagiza uliza forodha na polisi wa unakoishi. Uingereza, kwa mfano, tangu 2008 inazuia uuzaji na uingizaji wa panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi, ingawa sheria ina nafasi kwa wanamichezo.

"Mafuta yoyote yanatosha."

Chuma cha kaboni kinashika kutu, na pwani kinashika haraka. Alama ya kidole chenye jasho inatosha. Mafuta ya kupikia huganda na kunata. Wajapani hutumia mafuta ya choji, na choji ni karafuu, ileile ya Pemba. Ila usikimbilie kuumiminia upanga mafuta ya karafuu matupu: choji ya dukani kwa sehemu kubwa ni mafuta mepesi ya madini, karafuu imetiwa kidogo. Mafuta ya cherehani yanafanya kazi hiyohiyo. Futa ya zamani kwa kitambaa laini, ukipitisha kutoka upande wa mgongo, kisha paka utando mwembamba. Chupa yangu ni ya cherehani, haina harufu ya karafuu hata chembe, na upanga haujalalamika.