Simu yako haijui mpaka wako ulipo

Wiki hii mteja kanipigia tena simu ile ile ninayopigiwa kila mara. Kiwanja kiko Nala, hapa Dodoma, bikoni mbili (zile alama za zege za kona za mpaka) hazionekani, mawe ya msingi yameshashushwa. "Mpima, usihangaike kuja na mashine. Kodineti, zile namba za mahali zilizo kwenye ramani, nimeziingiza kwenye simu, kona imeonekana, wewe njoo uthibitishe tu." Kona aliyoonyeshwa ilikuwa zaidi ya mita 300 kutoka kwenye kiwanja chake, na vibarua walishaanza kufyeka eneo la mtu mwingine.

Nimechoka kulieleza hili kwa mteja mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika.

Hizo mita 300 hazikutokana na ubovu wa simu. Kodineti huhesabiwa juu ya umbo la dunia ambalo wapimaji wamekubaliana, na makubaliano si mamoja. Ramani nyingi za upimaji za zamani hapa nchini ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la Clarke la 1880. Simu inatumia WGS84, mfumo wa GPS. Zichukue namba za Arc 1960, ziingize kwenye simu kama zilivyo, na hapa Dodoma utatua takribani mita 300 kaskazini na karibu mita 90 magharibi mwa mahali halisi. Siku hizi kuna pia TAREF11, mfumo mpya wa Tanzania ulio karibu sana na ule wa simu, ndiyo maana ramani mpya huonekana "inakubali" na ya jirani ya zamani "inakataa". Kabla ya kuniambia namba, niambie ni za mfumo gani.

Dodoma tuna balaa la pili. Kodineti zetu ni za UTM, mfumo unaoigawa dunia kwa kanda na kuhesabu mita ndani ya kila ukanda. Mji uko ukanda wa 36, lakini ukanda huo unaishia longitudo ya nyuzi 36, na sisi tuko ukingoni kabisa. Namba ya mashariki, yaani mita za kuelekea mashariki ndani ya ukanda, hapa mjini inazunguka 800,000. Nenda Kongwa au Mpwapwa, tayari uko ukanda wa 37, na namba inashuka hadi 200,000 na kitu. Muuzaji akikuandikia kodineti za shamba la Kongwa bila kutaja ukanda, nawe ukaweka 36, simu itakupeleka kule karibu na Ziwa Tanganyika. Tena kwa kuwa tuko ukingoni, umbali unaohesabiwa kutoka kwenye kodineti unazidi ule wa ardhini kwa zaidi ya nusu mita kila kilomita. Kwenye kiwanja cha mita 30 hizo ni sentimita mbili, hazimsumbui mtu. Kwenye shamba kubwa la zabibu la Hombolo zinaonekana, na mwenye futi kamba anaapa kwamba ameibiwa ardhi.

Tuseme umebadilisha kila kitu sawasawa. Simu, hata anga likiwa wazi, bado inakosea kama mita tano, na picha ya satelaiti iliyo chini ya kile kitone nayo huweza kukaa mita kadhaa pembeni. Mita tano ni chumba kizima. RTK, upimaji wa satelaiti kwa vipokezi viwili, kimoja kikiwa juu ya alama inayojulikana na kingine mkononi, inafika sentimita moja hadi tatu. Kando ya ghorofa au chini ya mbuyu satelaiti zinazibwa, hapo narudi kwenye totali stesheni, mashine inayopima pembe na umbali kwa mwanga unaorudishwa na kioo chake, prizimu. Vimo, yaani urefu wa ardhi kwenda juu, tunasoma kwa levo, darubini ya usawa. Droni ni nzuri kwa kuchora sura ya nchi, ila haioni bikoni iliyofukiwa. 

Sasa linaloniudhi zaidi. Hata RTK haiweki mpaka. Mpaka ni bikoni iliyowekwa siku ya upimaji, upimaji ukaidhinishwa na Mkurugenzi wa Upimaji na Ramani. Bikoni ya asili ikiwa imesimama mahali pake na mashine yangu ikasema ni sentimita ishirini kando, bikoni ndiyo inayoshinda. Watu hawapendi kusikia hivyo. Wanaona mashine ya mamilioni, wanaona kipande cha nondo kwenye zege, wanataka mashine ishinde. Lakini ile namba iliandikwa kuielezea bikoni, na jirani alijenga ukuta wake akiitazama bikoni. Kwa hiyo kifaa changu cha kwanza ni jembe. Nachimba, nawauliza waliokuwepo, napima kutoka kwenye bikoni ambazo hazijaguswa. Kung'oa bikoni ni kosa kisheria kwa sababu hiyo hiyo.

Ugumu uko kwenye hayo maneno "mahali pake". Udongo mweusi wa mbuga unavimba wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, na bikoni isiyochimbiwa chini inainama. Ikikutwa sentimita kumi nje, imesogea yenyewe au imesogezwa? Mara nyingine siwezi kuapa. Tena kuna vitalu viwili vilivyopimwa miaka tofauti kutoka alama za msingi tofauti, zile ambazo wapimaji tunaanzia kupima, kila kimoja safi kikiwa peke yake. Vikikutana vinapandana, au vinaacha uchochoro usio wa mtu. Darasani tulifundishwa kugawanya kosa. Hapa nyumba zimeshasimama juu ya hilo kosa. Naandika nilichokikuta pande zote mbili na kupeleka ofisi ya ardhi ya Jiji, na wapimaji wawili waaminifu wanaweza kufika na majibu mawili.

Ukimwita mpima akufufulie bikoni, yaani aitafute na kuirudisha mahali pake, mpe nakala ya ramani ya upimaji yenyewe, picha ya skrini haitoshi. Waambie mapema majirani wa kona hizo wawepo. Mpima akikuambia majirani hawana umuhimu kwa sababu ana mashine, tafuta mwingine.