Je, wajua kwa nini kiyoyozi hushindwa kazi kikifichwa kabatini?

Machi iliyopita, upepo wa kaskazi umelegea na joto limekaba, jirani yangu wa Mkomani hapa Lamu aliita fundi. Kiyoyozi kipya, lakini chumba hakipoi, na kila adhuhuri mashine hujizima. Fundi hakugusa gesi. Alipanda darini, akafungua kabati la mbao lililoficha sanduku la nje, akashuka kunywa kahawa. Haikupita nusu saa chumba kikaanza kupoa.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Ni mchukuzi: huchota joto chumbani na kulimwaga nje. Kile cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kikifanya kazi kwa nguvu zote huondoa joto la kama wati 3,500. Ongeza umeme kinaotumia chenyewe, tuseme wati 1,000, na yote hayo hutemwa na lile sanduku. Ni kama kuwasha pasi nne na nusu za wati 1,000 ndani ya kabati.

Likibanwa, hewa ya moto iliyotoka mbele hurudi kuvutwa nyuma. Sanduku linapumua pumzi yake lenyewe. Presha ya gesi hupanda, kompresa, ile pampu ya gesi, hutaabika, bili ya umeme huvimba, mwisho kinga ya ndani hukata.

Basi nafasi kiasi gani? Kitabu cha mashine ndicho cha kufuatwa, maana hutofautiana. Kwa kawaida nyuma huachwa kama sentimita 20 hadi 30, na mbele, feni inakopuliza, mita moja au zaidi bila kizuizi. Upande wa mabomba fundi apate pa kuingiza mikono. Juu pawe wazi, na makuti yakae mbali.

Mji huu una taabu zake. Mji wa Kale umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, na nani anataka bati jeupe lining'inie mbele ya mlango wa nakshi? Vichochoro navyo ni vyembamba. Ukilifunga chini, moto wote unampiga mpita njia usoni, na punda mwenye shehena atalivaa. Ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe na chokaa hauaminiki kushika skrubu za mzigo unaotikisika. Mimi ningeliweka darini, juu ya viguu imara, feni isitazamane na kusi, maana upepo mkali huisukuma hewa irudi ndani.

Chumvi ya bahari nayo hula vile vibati vyembamba vya alumini. Zima umeme kwanza, kisha visuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, taratibu. Mpira wa maji wenye presha kubwa huvipinda.

Jirani hakulitupa kabati. Ubao wa mbele na wa juu vimeondolewa, na nyuma limesogezwa shubiri moja na nusu. Seremala alinuna siku mbili.