Maana ya "uhalifu unaohusiana na dawa za kulevya"

Ukisikia kwamba tukio fulani "linahusiana na dawa za kulevya", huenda ukamwona mtu aliyerukwa na akili, kisu mkononi. Watu wa namna hiyo wapo, ila ni sehemu ndogo ya uhalifu wenyewe. Mwaka 1985 mtafiti wa Marekani, Paul Goldstein, alitenganisha njia tatu ambazo dawa huingia katika ukatili, na mgawanyo wake bado unatumika sana katika kriminolojia, yaani elimu ya uhalifu.

Ya kwanza hupitia akilini. Dawa, au kuikosa, humbadilisha mtu: hasira zinakuwa karibu, woga unatoka, anamdhuru mwenzake. Arosto, yale mateso ya mwili uliozoea dawa ukiikosa, imo humu. Na aliyelewa anaweza kuwa ndiye mwathirika, kwa kuwa hawezi kukimbia wala kukumbuka sura ya aliyempora. Pombe, ambayo wengi hawaihesabu kuwa dawa ya kulevya, ina nafasi kubwa hapa. Heroini, kinyume chake, kwa kawaida humlegeza mtu na kumsinzisha.

Ya pili ni haja ya pesa. Mraibu anaiba apate ya kununulia. Hataki kumuumiza mtu, anataka simu, betri ya gari, chochote kinachouzika upesi. Damu humwagika pale mwenye mali anapogutuka.

Ya tatu ni biashara yenyewe, na hii ndiyo inayosahaulika. Muuzaji aliyedhulumiwa hawezi kwenda mahakamani. Deni la mzigo, eneo la kuuzia, bidhaa iliyochakachuliwa, kijana anayeshukiwa kupeleka siri polisi: yote haya huamuliwa kwa nguvu, kwa sababu hakuna mwamuzi mwingine. Mtu anaweza kuuawa kwa njia hii ilhali yeye na muuaji wake hawajawahi kuonja dawa.

Goldstein na wenzake walichunguza mauaji 414 yaliyotokea jijini New York mwaka 1988. Waliona 218 yanahusiana na dawa au pombe. Kati ya hayo, 162 yalitokana na biashara. Yaliyopitia akilini yalikuwa 31, mengi yakiwa ya pombe. Ya kutafuta pesa ya kununulia yalikuwa 8 tu. Ni kweli, huo ulikuwa wakati ambao kokeini ya kuvuta, krak, ilikuwa imeenea na wauzaji wakigombea soko, kwa hiyo hesabu hiyo haihamishiki kila mahali. Hata hivyo, inatosha kuitia shaka ile picha ya mwenye kisu.

Tofauti hii ina uzito kwa polisi. Anayeiba kwa uraibu hupungua kuiba akipata matibabu; Uswisi ilianza mwaka 1994 kuwapa heroini chini ya uangalizi wa madaktari waraibu walioshindwa na tiba nyingine, na wizi wao ulishuka sana. Kwa soko, mambo ni magumu zaidi. Ukimkamata muuzaji mkubwa, nafasi yake inabaki wazi na wadogo wanaipigania, ndiyo maana msako uliosifiwa unaweza kufuatwa na mauaji zaidi. Tena idadi ya waliokamatwa kwa dawa hupima kwanza bidii ya polisi. Ongeza askari kwenye kitengo hicho na idadi itapanda, hata kama watumiaji hawajaongezeka hata mmoja.

Kuna jambo mgawanyo huu hauligusi. Wengi wanaotumia dawa na kutenda uhalifu walianza uhalifu kabla ya dawa. Wengine yote mawili yalichipuka pamoja kutokana na utoto wenye mateso, shule iliyokatika, marafiki wale wale. Kusema dawa ndiyo iliyowaharibu ni kuruka miaka mingi ya maisha yao, na huwa inaniuma kuona miaka hiyo ikifutwa kwa sentensi moja ya habari.

Na njia hizo hupishana. Mfikirie anayeuza kete chache ili apate yake ya kuvuta, akashikwa na arosto, akala mzigo wa bosi, akauawa kwa deni. Humo mna biashara, haja na mwili unaodai. Katika yale mauaji 218 ya New York, yaliyochanganyika namna hiyo yalikuwa 17, na watafiti waliyaacha kwenye fungu lao peke yake.