Seli hujuaje kwamba ina malighafi ya kutosha kunakili DNA?

Kwa nini seli isianze tu kunakili?

Kazi yenyewe ni kubwa. DNA ya seli moja ya binadamu ina jozi za besi, yaani "herufi" zake zilizopangwa mbili mbili, zipatazo bilioni 6. Kuzinakili zote kunadai nyukleotidi (vipande vinavyounda DNA, kila kimoja kikibeba herufi moja) mpya bilioni 12, kwa muda wa saa 8 hivi. Akiba iliyomo ndani ya seli ni sehemu ndogo sana ya hizo, hivyo nyingi hutengenezwa huku kazi ikiendelea.

Ruhusa hutoka wapi?

Hutoka mwishoni mwa awamu ya G1, kipindi cha ukuaji kinachotangulia unakili. Protini ya mTOR hupima kama amino asidi na nishati vinatosha. Vikitosha, na vichocheo vya ukuaji vikiwepo, protini ya Rb huiachia protini ya E2F iliyokuwa imeizuia. Hapa ndipo penye uzuri wa mpango huu: E2F huwasha kwa pamoja jeni za mitambo ya kunakili na jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza nyukleotidi.

Nyukleotidi zikipungua katikati ya kazi?

Unakili hukwama. Protini ya ATR huzuia sehemu nyingine zisianze, na kuchochea utengenezaji wa nyukleotidi. Mkwamo ukidumu, DNA hukatika.

Upungufu huu huonekanaje kwa mgonjwa?

Huanzia kwenye uboho, kwa kuwa seli zake hugawanyika bila kupumzika. Folati (vitamini ambayo asidi ya foliki ni aina yake ya kutengenezwa) au vitamini B12 ikikosekana, thaimidini, malighafi ya mojawapo ya nyukleotidi za DNA, haitoshi. RNA na protini hazihitaji thaimidini, kwa hiyo mwili wa seli unaendelea kukua ilhali kiini kimebaki nyuma. Matokeo yake ni chembe nyekundu chache na kubwa. Kwenye picha kamili ya damu, MCV, yaani wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu, huzidi femtolita 100. Chembe nyeupe na chembe sahani (za kugandisha damu) nazo huweza kushuka.

Je, ninywe tu asidi ya foliki?

La, pima B12 kwanza. Asidi ya foliki peke yake inaweza kuirekebisha damu huku upungufu wa B12 ukiendelea kuharibu neva: ganzi miguuni, kuyumba, kusahau. Uharibifu huo ukikawia kutibiwa, huenda usirudi nyuma.

Na anayetarajia kupata mimba?

Mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hufunga takribani siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Kusubiri kliniki ya kwanza mara nyingi ni kuchelewa. Aliyewahi kupata mtoto mwenye mgongo wazi huhitaji dozi kubwa zaidi, atakayopangiwa na daktari.